Gari bovu la Kena na Ziki

Nimeitazama tena filamu ya Rafiki wikendi hii, na kilichonikamata si lile busu lililozua kelele nchi nzima mwaka wa 2018. Ni gari bovu. Kuna gari kuukuu limetelekezwa, na humo ndimo Kena na Ziki, wasichana wawili wanaopendana, wanamojificha kupiga stori, kucheka na kushikana mikono. Mtu ambaye hakukulia kwenye ploti, zile nyumba za kupanga zilizobanana, anaweza kudhani mwongozaji Wanuri Kahiu aliliweka hapo kwa ajili ya urembo wa picha tu. Sisi wa Umoja, Eastlands ya Nairobi, tunaelewa. Msichana wa miaka kumi na saba Nairobi hana mlango wake. Analala na wadogo zake, au sebuleni wageni wakishaondoka, na akitaka kulia inabidi asubiri zamu yake ya choo.

Kwetu faragha ilikuwa juu paani, kwenye kamba za nguo. Tangi nyeusi za maji, nyaya za televisheni zilizosokotana, na Jumamosi mchana mashuka yameanikwa kila upande hivi kwamba ukikaa katikati humwoni mtu wala huonekani. Mimi na msichana wa nyumba ya chini tulikuwa tunapanda na beseni la nguo za kuanika dakika chache, tunashuka jua likielekea kuzama. Tulisikiliza redio ya simu yake, kila mmoja na waya mmoja sikioni, kwa hivyo ilibidi tukae karibu. Mara shuka linavutwa pembeni, uso wa jirani unatokeza.

"Bado hamjamaliza kuanika?"

"Tunamalizia, mama."

Na tungemalizia kweli, vibanio midomoni, kila mtu akiikodolea macho kamba yake. Hakuna lililotendeka pale ambalo ningehitaji kumpelekea padri. Lakini moyo ulikuwa ukienda mbio, na jirani alikuwa amekwisha kuona kitu hata kabla yetu, kwa maana siku chache baadaye mama yangu aliamua kwamba nguo zitakuwa zinaanikwa asubuhi, na ndugu yangu ndiye atakayepanda. Sababu hakuitoa. Sikuuliza.

Kahiu anaijua hali hii. Kibanda cha Mama Atim ndicho bunge la mtaa wa Slopes: ukienda kununua soda, unarudi na habari za watu. Tunacheka, kwa sababu kila mtaa una Mama Atim wake na mara nyingi chakula chake ni kitamu. Ni mcheshi na mkarimu, na ndiye hatari. Binti yake Nduta naye ana jicho. Filamu inakuzoesha kucheka nao kwa muda mrefu, halafu kicheko kinakukwama kooni pale umati unapowatoa wasichana kwenye lile gari na kuwapiga. Waliowapiga ni walewale wa kibandani. Hakuna adui aliyetoka nje.

Watu wanapojadili mambo haya huanza na sheria, nami naelewa kwa nini. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa mkoloni, kinataja miaka 14 jela kwa ngono inayoitwa kinyume na maumbile, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Lakini itazame filamu kwa makini. Polisi wanaingia kazi ikiwa imeshakwisha, na mchango wao ni kucheka. Mtaa haukuhitaji kifungu chochote.

Kitu kimoja sikukijua nilipoitazama mara ya kwanza: Mama Atim ni mhamiaji. Filamu imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2007. Humo mtaa ni wa Nakawa, Kampala. Wasichana ni Anyango na Sanyu, na hadithi nzima ni barua ya Anyango kwa mwenzake aliyepelekwa London. Kila kitu kimebadilishwa, majina, mji, taaluma za wazazi, ila Mama Atim amevuka mpaka na jina lake lilelile. Na mzambarau wa Kampala, ambao wale wawili walikutana chini yake usiku, huku kwetu umekuwa gari bovu. Ni badiliko la haki kabisa. Eastlands ya utotoni mwangu ungetafuta wapi mti usio na mtu chini yake?

Nilisoma hadithi kwanza au filamu kwanza, mpwa wangu ameniuliza, kwa sababu yuko chuoni na huko wanapenda mpangilio. Filamu kwanza, tena kwenye sinema ya Prestige, Ngong Road. Bodi ya Kuainisha Filamu ilikuwa imeipiga marufuku Aprili 2018, chini ya wiki mbili kabla ya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, ambako ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa. Kahiu akaenda mahakamani. Septemba 21, Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu ipate sifa ya kushindania Oscar, na akasema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa misingi yake na filamu. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili tayari watu walikuwa kwenye foleni.

Foleni yenyewe ingetosha kuwa filamu. Kuna waliovaa kofia mpaka kwenye nyusi na kuna waliopendeza kama wanaenda harusini. Mimi nilikuwa na mkoba wa kazini ingawa sikutoka kazini. Nilitaka niwe na sababu mkononi endapo ningekutana na mtu wa kanisani kwetu. Ndani niliketi kando ya mama mmoja wa makamo aliyekuja na binti yake na karanga zake za kwenye karatasi. Alicheka sana wakati wa Mama Atim. Ilipofika sehemu ya kipigo ukumbi ukawa kimya, na yeye, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye sebuleni kwake, akasema, "Kwani hawa hawana wazazi?" Nilifikiri anawalaumu wasichana. Alikuwa anawasema waliokuwa wakipiga. Binti yake akamwambia, "Mum, shhh," na karanga zikaendelea.

Siku 7 zikaisha, marufuku ikarudi, na Kenya ikapeleka Supa Modo kwenye Oscar, filamu ya mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa. Ni nzuri na sina kinyongo nayo. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba bodi haikukosea.

Sasa, si kwamba naipenda yote. Siasa imepakwa juu juu. Baba wa Kena, John Mwaura mwenye duka, na baba wa Ziki, Peter Okemi, wanagombea kiti kimoja, na kwa mji unaojua kampeni kama huu wetu, hizo zao ni baridi mno. Uko wapi ugomvi wa mabango? Wako wapi vijana wa fulana za bure? Nilihisi kwamba uchaguzi umewekwa ili mapenzi yapate ukuta wa kugonga, wakati Mama Atim tayari alikuwa ukuta wa kutosha.

Lakini kuhusu rangi nitabishana na yeyote. Nimesikia ikisemwa kwamba Nairobi haiko hivyo, kwamba waridi na zambarau ni nyingi mno na nywele za Ziki zinapiga kelele. Kahiu ana neno lake la sanaa anayoitaka, Afrobubblegum: Afrika inayoruhusiwa furaha bila kubeba somo la vita au njaa. Na mtu akiniambia Nairobi si ya rangi namuuliza kama amewahi kusimama stendi akichagua matatu. Ukiwa na miaka kumi na saba na unapenda, hata ukuta wa choo una rangi.

Kuna dakika ambayo sijasikia ikizungumzwa sana. Mtaani kwa kina Kena kuna kijana anayetukanwa kuwa shoga kila anapopita. Kena mwenyewe alikuwa akikaa na marafiki wanaomtukana. Baada ya yote kijana huyo anakuja kuketi kando ya Kena kwenye benchi. Hakuna anayesema neno. Hamfariji, hamwambii nilijua. Ndipo nilipolia pale Prestige, si kwenye kipigo.

Na baba. John Mwaura ameoa tena, ana duka la kuangalia na kura zinazomponyoka, na bado anasimama na bintiye, wakati mama wa Kena anatafuta maombi. Nilitarajia iwe kinyume. Pengine ni kwa sababu kwetu aliyeamua habari za nguo alikuwa mama.

Kahiu amesimulia kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Nimeurudia mwisho huo nikiyatafuta hayo matumaini. Miaka imepita, Ziki amerudi kutoka London, mkono unamgusa Kena begani, filamu imekwisha. Mkono begani tu! Hakuna hata kikombe cha chai. Kilichonipa mimi moyo ni kitu kingine, ambacho naona bodi haikukijali: mwanzoni Kena alisema atakuwa nesi, Ziki akamuuliza kwa nini asiwe daktari, na sasa ni daktari. Ana mshahara. Hata kama umechelewa, kama unavyochelewa kwa madaktari wetu, bado unatosha kulipa kodi ya nyumba ndogo South B, na mwenye kulipa kodi ndiye anayeamua nani aingie.