Weka mwongozo pembeni, fungua kazi yenyewe

Kila mitihani inapokaribia, wanafunzi wangu wa fasihi na historia huja na swali lile lile: "Mwalimu, tutafute mwongozo upi?" Nami huwajibu kwamba mwongozo utakuja baadaye. Kwanza nionyesheni tamthilia au riwaya yenyewe, kisha karatasi za mitihani iliyopita pamoja na maelezo ya namna zilivyosahihishwa. Wapo wanaonuna. Wanataka kitabu chembamba chenye majibu tayari, na ninaelewa kwa nini: muda ni mfupi, masomo ni mengi, na kila mtu darasani anacho.

Ila nimesahihisha insha nyingi, na tangu aya ya pili huwa najua nani amesoma kazi na nani amesoma muhtasari wake. Chukua Macbeth ya Shakespeare. Miongozo humweleza mhusika mkuu kwa maneno mawili, tamaa ya ukubwa, na mwanafunzi huyarudia hayo kurasa tatu nzima. Hajakosea, lakini hana la kuongeza. Aliyefungua kitendo cha kwanza, onyesho la saba, amemkuta Macbeth akiwa peke yake anajihesabia sababu za kutomuua Duncan: ni jamaa yake, ni mfalme wake, usiku huo ni mgeni wake, tena ni mtawala mpole. Anakiri mwenyewe kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa hiyo tamaa. Kwa hiyo anaujua ubaya wa tendo kabla hajanyanyua kisu, na hapo insha inapata mgogoro wa kujadili.

Au mtazame mkewe. Mwongozo utakuambia ni katili na kwamba yeye ndiye aliyemchochea mumewe. Nenda kitendo cha pili, onyesho la pili, umsikie akisema kwamba angemuua Duncan kwa mkono wake kama mzee huyo usingizini asingefanana na baba yake. Ni kauli fupi inayopita haraka. Mwanafunzi aliyeishika anaweza kuiunganisha na kitendo cha tano, pale mama huyo anapotembea usingizini akisugua mikono kuondoa damu isiyokuwepo, akaonyesha kwamba ule ugumu wa moyo ulikuwa na ufa tangu mwanzo. Hoja ya namna hiyo humfanya mtahini akae sawa kitini. Kuipata kunataka kusoma tu, polepole, kalamu mkononi.

Kwa maswali ya dondoo nina zoezi moja ninalolipenda kuliko yote. Fungua tamthilia popote, ziba majina ya wahusika kwa karatasi, soma kauli tano au sita, kisha sema: nani anazungumza, anamwambia nani, wako wapi, kimetokea nini muda mfupi uliopita. Fanyeni wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akijibu. Baada ya muda utazijua sauti za wahusika kama unavyozijua sauti za ndugu zako nyuma ya mlango, na hutahitaji kukariri muktadha wa dondoo lolote.

Kwenye historia tatizo ni lile lile, ila huko linauma zaidi, kwa sababu muhtasari mara nyingine huacha kilicho muhimu. Nimesoma majibu mengi yanayosema kwamba mataifa ya Ulaya yaliketi Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, yakachora mipaka ya Afrika pale pale mezani. Mkataba wao wa tarehe 26 Februari 1885 upo, una vifungu 38, na unasomeka kwa kikao kimoja. Sehemu kubwa inahusu biashara huria katika bonde la Kongo na usafiri wa meli kwenye mito ya Kongo na Niger. Kifungu cha 34 kinaitaka dola inayotwaa sehemu mpya ya pwani ya Afrika iyaarifu mataifa mengine. Cha 35 kinaitaka iwe na mamlaka ya kweli mahali hapo. Mipaka mingi ilikuja kupangwa nje ya mkutano ule, kwa mikataba ya dola mbili mbili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliogusa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland.

Sasa swali likija, "Tathmini nafasi ya Mkutano wa Berlin katika ugawaji wa Afrika," mwanafunzi huyu ana pande mbili za kupima. Anaweza kueleza jinsi mkutano ulivyoweka kanuni na kuharakisha mbio za kutwaa ardhi, huku hakuna Mwafrika aliyewakilishwa, kisha akaonyesha kazi iliyofanyika nje ya ukumbi ule. Mwenye muhtasari atasimulia tu. Kusimulia pale ulipoombwa kutathmini ndiko kunakowapotezea alama watahiniwa wenye bidii, na huniuma kila ninapoliona hilo, maana tarehe zote wanazo kichwani.

Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, nao uko hivyo. Kila mtu anakitaja kifungu cha 231, kinachoibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita. Wachache wamesoma cha 232 kinachofuata, ambapo washindi wenyewe wanakubali kwamba rasilimali za Ujerumani hazitoshi kulipa hasara zote. Kuvisoma vyote viwili ni kazi ya dakika chache, na insha ya chanzo cha uhasama wa Wajerumani hubadilika kabisa.

Nyaraka hizi hazijafichwa. Avalon Project ya Chuo Kikuu cha Yale imekusanya mikataba mingi ya kihistoria na kuiweka wazi. Project Gutenberg ina kazi za Shakespeare na vitabu vingine vya zamani bila malipo. Kwa historia ya Afrika, UNESCO imetoa mtandaoni juzuu nane za historia ya bara hili. Juzuu ya saba, iliyohaririwa na Adu Boahen, inahusu miaka ya 1880 hadi 1935, na huwa naitumia mwenyewe ninapoandaa somo la uvamizi na upinzani. Ni nzito. Soma sura inayogusa mada yako, uiache iliyobaki.

Baada ya kusoma, funga kitabu uandike. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. Wanafunzi walisoma makala moja na kuirudia, nyingine wakaisoma kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye makala iliyorudiwa ilikuwa mbele kidogo. Wiki moja baadaye walikumbuka asilimia 42 ya hiyo, na asilimia 56 ya ile waliyojipima. Ndiyo maana siamini sana kalamu za rangi. Ukurasa uliopakwa manjano unakupa hisia kwamba unajua, na mtihani hauko dakika tano mbele.

Karatasi zilizopita nazo zina namna yake. Usizisome pamoja na majibu. Andika insha nzima kwa muda uliopangwa, kisha chukua maelezo ya usahihishaji utafute alama zako mwenyewe, mstari kwa mstari. Ikiwa baraza la mitihani linatoa ripoti za watahini, zisome kabla ya kitu kingine chochote. Humo watahini wanasema waziwazi wapi watu walikwama.

Kuhusu programu za akili bandia: ziombe zikuulize maswali, zikupe mada ya kubishania. Usichukue nukuu kutoka kwao. Nimeletewa insha yenye kauli nzuri mno ya mhusika, na kauli hiyo haimo popote katika kazi. Nukuu yoyote iende na namba ya ukurasa ulioufungua wewe.

Na kama imebaki wiki moja tu, usijaribu kumaliza silabasi. Rudia maonyesho manne au matano yanayobeba kazi nzima, chagua nukuu fupi fupi unazoweza kuzitumia kwa zaidi ya dhamira moja, na kwa kila mada ya historia andika kwa kumbukumbu mtiririko wa matukio pamoja na sababu inayounganisha tukio moja na linalofuata. Pale mshale wa sababu unapokosekana, hapo ndipo pa kusoma jioni hiyo.