Nilivyothibitisha kuwa wabia wawili walikuwa waajiriwa kama mimi

Mguu wangu wa kushoto uliathiriwa na polio utotoni, navaa chuma. Kwenye kliniki ya meno nilikofanya kazi, Houston, niliomba kiti kirefu cha mapokezini. Wakakataa, kisha wakanipunguzia saa. Nilipolalamika, wakili wao aliandika kuwa sheria ya Marekani ya 1990 ya watu wenye ulemavu inambana mwajiri mwenye waajiriwa 15 au zaidi, na kliniki ina 13. Madaktari wanne, alisema, ni wabia wenye mali ya kliniki, hawahesabiki. Sheria ya jimbo la Texas nayo inaanzia 15.

Wale 13 sikubishana nao. Nikawageukia madaktari.

Mwaka 2003, katika kesi ya Clackamas, kliniki ya Oregon iliyoshtakiwa na mtunza hesabu wake, Mahakama ya Juu ya Marekani iliambiwa hayohayo: madaktari wanne wenye hisa, je, ni waajiriwa? Majaji walisema cheo hakitoshi, wala mkataba peke yake. Cha kutazama ni nani anamtawala nani. Wakayategemea maswali sita ya EEOC, tume ya usawa kazini: je, anaweza kufukuzwa na kupangiwa kazi? Anasimamiwa? Ana mkubwa wa kuripoti kwake? Ana sauti katika maamuzi? Mikataba ilikusudia awe nani? Anagawana faida, hasara na madeni?

Kila daktari nikampa ukurasa wake kwenye daftari. Wawili wakubwa walikuwa wenye mali kwelikweli: wanaajiri, wanafukuza, mkopo wa jengo ni wao. Ni haki wasihesabiwe. Lakini wale wawili wadogo ratiba yao ilibandikwa na meneja, karatasi moja na yetu. Mmoja ni mtu wa Mombasa, nikamuuliza wakati wa chakula.

"Dada yangu, likizo naomba kama wewe. Mwezi uwe mbaya, uwe mzuri, mshahara wangu ni uleule. Kikao chao sijawahi kuitwa."

Alikubali niyaandike. Mwenzake naye akasema vivyo hivyo. Kumi na tatu na wawili ni 15, na wote walikuwa kazini zaidi ya wiki 20 za mwaka ule, kama sheria inavyodai.

Nikapeleka malalamiko EEOC kabla ya siku 180 kwisha, kurasa zile nimeziambatanisha. Kliniki ikakubali usuluhishi. Kiti kimekuja, saa zangu zimerudi zote.