Kukata silabi za Kifaransa: kilichonikwamisha ni «mb» na «nd»

Nilidhani ugumu wa kusoma Kifaransa uko kwenye r ya kooni. Kumbe uko kwenye silabi za Kiswahili nilizozizoea. Sisi hukata pe-nda, nyu-mba, ka-nga: m na n hushikana na konsonanti inayofuata. Kwa mazoea hayo nikakata cha-mbre, nikaisoma kama naanza kusema "shamba".

Kifaransa hukata katikati: cham-bre, pen-dant. M au n inayofunga silabi namna hii haitamkwi yenyewe. Irabu inayoitangulia ndiyo inayopitia puani. Nilijipima kwa kioo: nasema cham- nasimama. Midomo ikiwa imefumba, nimekosea. Ila ikifuatwa na irabu, n hurudi kuwa n ya kawaida na kuhamia silabi ya pili: in-vi-té, lakini i-nu-ti-le.

Kukata kwenyewe nilianza kwa penseli, nikipigia mstari irabu kwanza. Eau, ou, oi na ai, kila kundi huhesabiwa kama irabu moja. Konsonanti iliyo peke yake kati ya irabu huenda silabi inayofuata: ca-na-pé. Zikiwa mbili zinaachana, par-tir, isipokuwa ya pili ikiwa l au r baada ya herufi kama b na p: ta-bleau, a-près. (Par-ler huachana, maana r na l hazishikani.) Ch, ph na gn usizitenganishe.

Faida kubwa niliiona kwenye e. E isiyo na alama ikimalizia silabi hutamkwa hafifu: pe-tit, de-main. Ikifungwa na konsonanti inayosikika, hutamkwa wazi bila alama yoyote: mer-ci, res-ter. Ndiyo maana mé-tier inahitaji alama na mer-ci haihitaji. Mwisho wa -er katika vitenzi kama parler husomwa é, r haisikiki.

Mkazo nao ulinisumbua. Wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Wao huuweka kwenye ya mwisho inayosikika. Camarade kwa maandishi ina silabi nne, ca-ma-ra-de, kwa mdomo wengi husema tatu, na uzito uko kwenye -rade. Kusini mwa Ufaransa ile e ya mwisho utaisikia.

Maneno mawili niliyakariri tu: ennemi huanza na e ya kawaida, ennui huanza na a ya puani, ingawa yote yana nn.