Siku Tuliyopeleka Bunduki Schönebeck Kuchagua Risasi

Mwezi Machi, kabla msimu wa mashindano haujaanza, klabu yetu ya kulenga shabaha ilipeleka bunduki za timu Schönebeck, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Elbe, kusini kidogo ya Magdeburg. Huko ndiko kampuni ya Lapua inakotengeneza risasi zake za .22, zile za kaliba ndogo, na kuna uwanja wa majaribio wa mita 50 ambapo mlengaji huipima bunduki yake kwa loti (mikupuo ya kiwandani) mbalimbali kabla ya kununua. Bunduki zilisafiri tupu, kwenye masanduku yenye kufuli, na kila mwenye bunduki alibeba kadi yake ya umiliki wa silaha. Ujerumani, bila kibali huuziwi hata boksi moja.

Mlengaji wa kaliba kubwa anaweza kujaza maganda yake mwenyewe, akapima baruti punje kwa punje mpaka aridhike. Wa .22 hana njia hiyo. Fataki ya .22, yaani kemikali inayowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda. Imesambazwa ndani ya ukingo wake, na pini ikishaubonyeza ukingo huo, ganda halina kazi tena. Kinachobaki ni kuchagua loti, yaani risasi za mkupuo mmoja, zenye namba moja iliyopigwa kwenye boksi. Center-X, Midas+ na X-Act za kampuni hiyo hupishana bei sana, lakini ni ndugu: tofauti yao kubwa ni daraja zinalopewa baada ya kupimwa. Loti nzuri ya Center-X inaweza kuishinda X-Act kwenye mtutu wako, nami nimeliona hilo kwa macho.

Hesabu yenyewe haina huruma. Kichwa cha risasi cha gramu 2.59 hutoka mtutuni kwa kama mita 327 kwa sekunde, na kufika mita 50 kimeshuka karibu sentimita 12. Kasi ikipungua mita 3 tu kwa sekunde, tundu linashuka milimita 2 hivi. Alama ya kumi kwenye shabaha ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ni duara la milimita 10.4. Kwa kuwa tundu la milimita 5.6 likigusa mstari linahesabiwa, kitovu cha tundu kinaruhusiwa kukosea milimita 8 tu kutoka katikati. Loti inayotawanya milimita 16 kutoka kitovu hadi kitovu imekula nafasi yote, na mlengaji hajabakiziwa chochote cha kutetemeka wala cha upepo.

Bunduki ya kwanza ilikuwa Anschütz 1913, bunduki ya mashindano ya Kijerumani, ya dada mmoja wa timu. Fundi wa uwanja alifungua skrubu mbili, akautoa mtutu pamoja na chemba yake kwenye kitako, akaubana kwenye jiliwa zito lililokazwa juu ya zege. Hapo mkono wa mtu umeondolewa, kilichobaki ni mtutu na risasi. Alipiga kwanza risasi kadhaa bila kuzihesabu, ili mafuta ya risasi mpya yajipake ndani ya mtutu na kufuta ya zile za awali. Hatua hii wengi huiruka. Ukitoka kwa risasi za kampuni moja kwenda za nyingine, yenye nta tofauti, piga 15 au 20 kabla ya kuamini tundu lolote. Ukibadilisha loti tu ndani ya aina ileile, 5 hadi 10 zinatosha.

Kisha alipiga kumi kumi, na kioo cha kompyuta kikawa kinaonyesha kila tundu. Loti ya kwanza ilitawanyika milimita 21. Ya pili 20. Ya tatu 22, na ndani yake matundu nane yalikusanyika vizuri huku mawili yamekimbilia kulia na juu.

“Kaka, mbona zote zinafanana ubaya?” aliniuliza mwenzangu wa Tanga, aliyekuwa akiandika matokeo.

Swali lake lilikuwa ndilo lenyewe. Loti zinapotofautiana, tatizo ni risasi. Zote zikiwa mbaya kwa kiwango kilekile, angalia mtutu. Fundi alisimamisha jaribio na kuingiza kamera nyembamba ya kuchungulia. Mbele kidogo ya pale mdomo wa ganda unapokaa, pale michirizi ya mtutu inapoanza, palikuwa na pete nyeusi ya masizi magumu imezunguka chuma chote. Pete hiyo hukwangua kichwa laini cha risasi kabla hakijashika michirizi, kila mara kwa namna yake, na ndiyo maana matundu mawili matatu hukimbia bila sababu inayoonekana. Kitambaa chenye mafuta hupita juu yake tu. Inataka dawa ya kulainisha masizi, iachwe ifanye kazi kwa dakika kadhaa, halafu brashi ya shaba, ikiingizwa kutokea nyuma kupitia kiongozi cha ufito wa kusafishia ili isikwangue mdomo wa mtutu. Fundi alirudia mara tatu, akachungulia tena, chuma kikawa kinang'aa.

Baada ya risasi za kuupaka mtutu mafuta upya, loti zilezile zilianza kusema kila moja kwa sauti yake. Ya kwanza 13. Ya pili 17. Ya tatu, iliyokuwa mbaya kuliko zote, 11. Hapo kazi ya kweli ikaanza.

Kundi moja la risasi kumi halichagui loti, na kundi la risasi tano ni bure kabisa, kwa kuwa risasi tano za loti mbovu zinaweza kubahatika kupita tundu moja. Loti zilizofanya vizuri zilipigwa makundi manne ya kumi, kisha matundu 40 yote yakawekwa juu ya shabaha moja. Tulitazama mambo mawili. Upana wa mkusanyiko wote ni la kwanza. La pili, ambalo watu hulisahau, ni kama vitovu vya makundi manne vinakaa mahali pamoja. Loti yenye makundi madogo yanayohamahama itakunyanyasa siku ya mashindano, utakuwa unazungusha skrubu za saiti bila mwisho. Na ukipewa karatasi ya matokeo, uliza kipimo kimechukuliwaje. Milimita 15 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje ni 9.4 tu kutoka kitovu hadi kitovu. Watu wamegombana bure kwa kulinganisha vipimo hivyo viwili.

Loti ya tatu ilitulia chini ya milimita 15, kitovu hadi kitovu, kwa risasi zote 40. Ilikuwa Center-X. X-Act mbili zilizojaribiwa siku hiyo hazikuifikia. Dada yule alinunua katoni nzima ya 5,000, na alifanya vyema, kwani loti ikiisha kiwandani hakuna wa kukutengenezea nyingine kama hiyo.

Bunduki ya pili ilikuwa 1913 vilevile, yenye michirizi ya aina ileile. Kila mtu alitaka loti ileile, iwe rahisi kuagiza pamoja. Mtutu huo ukaikataa: milimita 19, na matundu yamejipanga wima, dalili ya kasi isiyotulia. Ulipenda loti nyingine kabisa. Tukaandika namba ya kila bunduki kwenye katoni yake kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kurudisha mtutu kwenye kitako nako kuna namna yake. Bunduki isimame wima ili mtutu ukae mahali pake, skrubu zikazwe kwa zamu kidogo kidogo, na mwishoni kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki. Kiwango kikibadilika, mahali risasi zinapopiga hubadilika, na mtu atalaumu loti isiyo na kosa. Wiki iliyofuata kila mlengaji alipiga makundi ya kuhakikisha akiwa amelala kifudifudi, bunduki imeshikiliwa kwa mkanda, uwanja wa wazi, kukiwa na baridi ya nyuzi 7. Risasi zilikaa nusu saa kwenye boksi la povu la kuzuia baridi kabla ya kutumika, kwa sababu nta yake hugandamana baridini na mkusanyiko hufunguka. Loti ya dada yule ilishika hapo pia. Ya bunduki ya pili ilipanuka kidogo, ikabidi kusubiri siku yenye joto kuipima tena.