Ng'ombe walikonda, kinyesi hakikuonyesha kitu

Mitamba wangu watatu, hapa karibu na Goma, walianza kukonda. Mmoja akavimba chini ya taya. Nikawapa albendazoli, dawa ya minyoo, kama tulivyozoea. Hakuna kilichobadilika.

Veterineri alichukua kinyesi, akakichanganya na maji na kungoja kitulie, maana mayai ya minyoo ya ini ni mazito, huzama. Hakuona yai hata moja. Mimi nikasema basi si minyoo. Yeye akatoa damu, akapima kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza ukivamiwa na minyoo hiyo: wote watatu wanayo.

Kumbe minyoo michanga hukaa ndani ya ini wiki nyingi ikilila kabla ya kuanza kutaga, na albendazoli huua iliyokomaa tu. Kingamwili huonekana mapema, wiki chache tu baada ya mnyama kula majani yenye vimelea kando ya kinamasi, kule kwenye konokono wanaovibeba. Tukatumia triklabendazoli, inayoua hata michanga. Uvimbe ukapungua polepole.

Baada ya mwezi nikataka damu ipimwe tena. Bado kingamwili! Nilikasirika, nikadhani dawa ni ya bandia. Veterineri akacheka: kingamwili hubaki miezi kadhaa hata minyoo ikishakufa. Na ndama mdogo anaweza kuwa nayo kwa kunywa dang'a ya mama yake tu.

Sasa kujua kama dawa imefanya kazi, napeleka kinyesi baada ya wiki nyingi, maana minyoo iliyopona dawa ingekuwa imeshaanza kutaga. Kinamasi nimekizungushia miti, ingawa mbuzi wa jirani bado wanapenya.