Moto wa makala

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno la juma hili ni Yohana 21, mstari wa 1 mpaka wa 14. Tangu utoto nikilisikia nakimbilia wavu: samaki 153, na wavu haukupasuka. Safari hii nimekwama kwenye mstari wa 9. “Basi waliposhuka pwani, wakaona huko moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate.”

Makaa ndiyo sisi huku Goma tunayaita makala. Nani aliyawasha? Wale wanafunzi saba walikuwa ziwani usiku kucha, hawakupata kitu. Sisi watu wa Kivu tunajua usiku wa namna hiyo: mwezi ukiwa mpevu, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hawazifuati taa, na wavuvi wanarudi na mitumbwi myepesi. Basi aliyewasha ni Bwana. Yeye aliyeshinda mauti, asubuhi hiyo amechutama kando ya maji, anashughulika na makala.

Mama zangu wa shirika, ninyi mnajua kazi ya mbabula, jiko letu la makala. Unamwaga jivu la jana, unachagua vipande vilivyobaki, unapanga vijiti vya mikaratusi chini, unapepea na kifuniko cha sufuria. Gunia likinyeshewa, na Goma mvua haibishi hodi, makala yanatoa moshi tu, yanapasuka, machozi yanakutoka kama uko kwenye kilio. Inachukua muda mpaka yawe mekundu yote. (Na tafadhali, hata kukiwa baridi, usiingize mbabula chumbani ukafunga mlango. Hewa yake inaua watu usingizini.) Kwa hiyo, kama samaki alikuwa tayari juu ya moto walipofika, Bwana alianza mapema. Wao wakiwa bado wanavuta nyavu tupu gizani, yeye alikuwa ameshaanza kuwapikia.

Hilo limenigusa, kwa sababu miaka mingi niliiona mbabula kama kitu kinachonitenga na Mungu. Wenzangu wanapita kwenda misa ya asubuhi, mimi niko uani na moshi. Nikamwambia Mungu: nikimaliza watoto, nitakuja.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi ile, mbingu zilipokuwa nyekundu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano? Kila mtu aliomba. Wa kwenda Sake, wa kwenda Gisenyi, mtoto mgongoni, godoro kichwani, jina la Yesu midomoni. Mimi pia. Kwenye moto mkubwa vile nilimwona Mungu mara moja. Kwenye moto mdogo wa nyumbani kwangu, unaowaka kila siku, sikuwa hata namtafuta.

Kuna jambo jingine. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno hilo la moto wa makaa liko mahali pawili tu, na pote ni kwa Yohana. Moja ni hapa pwani. La kwanza liko sura ya 18, mstari wa 18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi. Petro anaota moto pamoja na watumishi, na hapo anamkana Bwana wake. Nafikiri alipokanyaga mchanga asubuhi ile, harufu ya makala ilimfikia kabla ya harufu ya samaki.

Nilikuwa nimepewa zamu ya kuandaa tafakari hii, na Jumatatu yangu ilikuwa hivi. Jioni nilimtuma kijana wangu wa miaka 13 akanunue makala. Alirudi mikono mitupu. “Mama, pesa zimeanguka.” Nikamwangalia usoni, nikajua si kweli. Akaapa kwa jina la marehemu babu yake. Mimi nimesimama kwenye mbabula, mwiko mkononi, nikasema mbele ya wadogo zake wote: “Toka hapa. Mimi simjui mtoto mwizi.”

Alilala bila kula. Watoto walipotulia nikafungua Biblia nitayarishe maneno yangu, nikafika kwenye 18:18, na nikalikumbuka neno lililotoka kinywani mwangu, lile ambalo Petro analisema kwa Luka: “Simjui.” Na nililisema mahali gani? Kwenye moto wa makala. Sikuweza kuendelea kusoma. Nililia kimyakimya, baba yao asiamke.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka nje kuwasha moto. Mbabula ilikuwa inawaka. Kijana amechutama kando yake na sweta ya shule, kifuniko mkononi, macho mekundu, moshi au machozi sijui. Makala alikuwa ameyakopa kwa mama jirani. Sufuria ya buyi, yaani uji, ilikuwa imeanza kuchemka, yenye madonge, kwa sababu hajui kukoroga. Alimimina kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

“Mama, kuya unywe.”

Bwana aliwaambia wale saba, “Njoni mfungue kinywa.” Hakuuliza kwanza nani alimkana. Waliposhiba ndipo akamgeukia Petro.

Nikakaa juu ya jiwe, hilo hilo la volkano tulilojengea ua, nikanywa madonge yote. Hatukusema kitu. Vikombe vilipokwisha ndipo alipofungua roho yake: pesa alinunua bitumbura, yaani maandazi, akala na wenzake kwenye kona ya barabara, akaogopa. Nami nikamwambia kijana wangu, “Papa, neno nililosema jana hapa, nisamehe.”

“Nililisikia, Mama,” akasema, akaongeza makala mawili kwenye moto, kwa ajili ya chai ya baba yake.