Mguu wa cherehani

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wangu niliuona kwanza kwenye pedali. Ilikuwa mwishoni mwa 2018, msimu wa sare za shule, vitambaa vimejaa hadi chini ya meza. Mguu wa kulia ukaanza kuchelewa. Nakanyaga, gurudumu linarudi kinyume, uzi unakatika. Nikabadilisha mkanda. Nikamwita mtengenezaji akatia oili, wiki iliyofuata nikamwita tena nikamgombeza. Maskini, cherehani haikuwa na kosa lolote.

Kupata jina la ugonjwa kulichukua zaidi ya mwaka. Hapo katikati niliambiwa ni presha, ni mgongo, ni jini, na shangazi akaniletea mtu wa kunisomea. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, ndicho kilichomaliza ubishi: multipo sklerosisi, yaani MS. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na wadudu wa maradhi, inashambulia utando wa mafuta uliovika neva za kwenye ubongo na uti wa mgongo. Amri inatoka kichwani vizuri, inafika mguuni imechelewa, au haifiki. Ugonjwa huu umezoeleka zaidi nchi za baridi, mbali na ikweta, na wanawake wanaupata zaidi kuliko wanaume. Hapa Mwanza nikiutaja, watu husikia "stroki" na kuanza kunipa pole za stroki.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa mmoja tu: pumzika, usijichoshe. Nami nikautii kuliko dawa. Miezi minane nilikuwa mtu wa kochi. Nikafungiwa mota kwenye cherehani ili nisikanyage kwa nguvu, mdogo wangu akawa ananifulia, na ngazi za mawe za kwetu Isamilo nikawa nazishuka siku ya kliniki tu. Uchovu haukupungua hata kidogo. Na siku moja nikijipima gauni langu mwenyewe, futi ya kupimia shingoni, nikapima na mapaja. La kulia lilikuwa limepungua sentimita tatu kuliko la kushoto. Fundi hadanganyiki na futi yake.

Niliyemwonyesha vipimo hivyo ni kijana wa fiziotherapia, ambaye hadi leo ananiita "fundi". Akanieleza kwamba hata Ulaya na Marekani wagonjwa wa MS walikatazwa mazoezi kwa miaka mingi, kwa kuogopa kuwaongezea ugonjwa. Mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, wakachapisha walichokiona: waliwafanyisha wagonjwa mazoezi mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa wiki 15. Pumzi na nguvu ziliongezeka, huzuni ikapungua. "Mazoezi hayatakurudishia utando ulioliwa, fundi," akasema. "Ila nusu ya udhaifu ulio nao sasa si wa MS. Ni wa kochi."

Maneno hayo yaliniuma, kisha yakanipa papara. Nikavaa raba za mdogo wangu, nikatoka saa tisa alasiri, jua la Mwanza likiwa limekaa kwenye mawe, nikatembea haraka haraka kuelekea Kirumba. Sikufika. Jicho la kushoto likaingia ukungu, miguu ikawa kama ya kuazima, na mwenye bodaboda aliyenibeba alidhani nimelewa. Nililala chini ya feni nikilia, nikijua ugonjwa umerudi na safari hii nimeuita mwenyewe. Saa moja baadaye jicho likafunguka. Naona hadi mshono wa pazia.

Kumbe hali hiyo ina jina. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza mwaka 1890. Joto la mwili likipanda hata kidogo, neva iliyovuliwa utando inashindwa kupitisha ujumbe. Mwili ukipoa, inaendelea na kazi. Haijaharibika zaidi. Laiti ningeambiwa hilo siku ya kwanza! Kipimo ninachoshika ni hiki: kinachopita mwili ukipoa ni joto, dalili mpya ikikaa zaidi ya saa 24, naacha mazoezi na kwenda hospitali.

Kwa hiyo nilihamisha saa, sikuacha mazoezi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nashuka na bodaboda hadi Kamanga, nikiwa na kanga niliyoilaza kwenye friji usiku, mbichi, imezungushwa shingoni. Natembea kuelekea Capri Point, ziwa likiwa kando na upepo wake bado wa baridi. Mwanzoni nilitembea dakika tano, nikakaa tano. Vijana wa jogging walikuwa wananipita wakiimba, mara ya pili wananipita tena wakirudi, nami nimekaa kwenye jiwe lilelile. Baada ya miezi minne natembea dakika 30 na kupumzika mara moja. Wengine wananiambia niogelee, maji yanapoza mwili. Ni kweli kwa mwenye bwawa. Ziwa letu lina konokono wa kichocho, na sitaki kutibu ugonjwa kwa kuchukua mwingine.

Mazoezi ya nguvu nafanyia dukani, siku mbili kwa wiki. Kusimama na kuketi kwenye kiti bila kushika kitu, mara kumi, mizunguko mitatu. Tyubu ya baiskeli nimeikata, nimeifunga kwenye mguu wa meza, naivuta kwa unyayo ili vidole visiburuze chini. Kusimama kwa mguu mmoja nashikilia ukingo wa meza ya kukatia. Kwa kulia nilianza na sekunde mbili, naandika kwa chaki ya fundi nyuma ya mlango. Jana ni kumi na nne. Wateja wameshazoea.

Kuna kosa nililofanya ambalo wanawake wenzangu mtalielewa. Kwa kuwa MS inanikimbiza chooni, nilikuwa sinywi maji kabla ya kutoka. Nikapata choo kigumu, kichwa kikauma, na joto likanishinda upesi zaidi. Sasa nakunywa, na najua kila choo kuanzia Kamanga.

Zipo siku nashindwa. Mwezi wa pili nililala wiki mbili kwa shambulio la kweli, nikachomwa steroidi, dawa ya kutuliza shambulio, na niliporudi nilianza tena na dakika tano na lile jiwe. Dawa zangu sijaacha. Ila uchovu ule wa kuamka umechoka kama uliyelima usiku kucha umepungua, na ngazi za Isamilo nazipanda mwenyewe, nikisimama katikati kumsalimia jirani.

Mota sijaing'oa. Asubuhi nakanyaga kwa mguu, gurudumu linakwenda mbele. Ikifika saa saba, bati likianza kulia juu ya kichwa, nachomeka waya.